Raundi ya Nane Kutoka Mwisho

Inspekta Abigail hakuwa mtu wa kupiga meza, lakini asubuhi hiyo aliipiga, na chai ya Konstebo Mukhwana ikamwagika juu ya faili.

"Nani aliandika hii?"

"Ni wewe, afande," Mukhwana akasema, akitafuta kitambaa.

Naam, ni yeye, na hapo ndipo palipomuuma. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe: mshukiwa ameonyeshwa picha ya uzi mwekundu na amekubali kuwa uzi ni wake. Picha, jamani. Mtu amekufa, mwanamke amelala seli usiku mbili, na yeye, askari wa miaka kumi na minne, alimwonyesha picha ya uzi badala ya kumwekea mkononi kitu chenyewe. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza chuoni angechapwa kwa kosa hilo. Na faili lilitakiwa mahakamani saa nane mchana.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Alhamisi iliyopita stima ilipotea, umeme ukakatika eneo zima la Shirere. Katika kliniki moja ya binafsi, mwalimu mstaafu aitwaye Titus alikuwa amelazwa na mashine ya oksijeni. Inveta, mashine inayotoa umeme kwenye betri, ikashika kazi, kama ilivyonunuliwa kufanya, na baada ya dakika kumi ikatoa moshi na kuzima. Walipofanikiwa kufungua mtungi wa akiba, mwalimu alikuwa ameshaaga dunia.

Ndani ya inveta mlikuwa na koili: pete nene ya chuma iliyozungushiwa waya wa shaba raundi mia moja na themanini, tabaka mbili, kisha utepe juu yake. Upande mmoja ulikuwa mweusi. Ilitoka karakana ya Bwana Jairus, nyuma ya kinu cha posho, na pale ncha mbili za waya zilipotokezea palikuwa na uzi mwekundu, alama ya Jescah, mama wa makamo kutoka Iguhu ambaye wateja humwulizia kwa jina. Hezekiah, fundi mkuu wa hapo, ndiye aliyeunyooshea kidole. "Madam, kila koili hapa ina mwenyewe. Nyekundu ni Jescah." Abigail akauvaa mkenge. Akamtia mama wa watu pingu mbele ya wenzake.

Sasa ripoti ya mhadhiri wa umeme ilikuwa imefika. Alifungua utepe upande ulioungua tu. Akakuta waya haukuwa mmoja. Ulikuwa vipande viwili vilivyosokotwa pamoja, vikafichwa chini ya utepe, na kiungo hicho ndicho kilichopata moto. Mahali: raundi ya nane kutoka mwisho.

"Mtu haungi waya akipenda," Abigail akasema. "Anaunga kwa sababu umemwishia. Nitolee Jescah."

* * *

Jescah aliingia akiburuta viatu, maana kamba zilichukuliwa siku ya kwanza, kama zinavyochukuliwa za kila mahabusu.

"Mulembe, mama Jescah," Abigail akamsalimu.

Mama hakuitikia. Aliketi, akatazama ukuta. Abigail alimwelewa. Akatoa mfuko wa plastiki wenye lakiri, akaandika saa, akatia sahihi, Mukhwana naye akatia, kisha akaweka koili mezani.

Jescah aliigeuza mara moja ndani ya mfuko.

"Ndiyo hii ulinifungia?"

"Ndiyo hii."

"Hii sijasuka mimi."

"Juzi ulisema uzi ni wako."

"Uzi ni wangu. Uliniletea picha ya uzi nikakuambia uzi ni wangu. Ungeniletea picha ya kikombe changu ningesema kikombe ni changu. Kwani hapo ningekuwa nimesema nimemnywesha mtu sumu?"

Mukhwana alijikohoza. Abigail alimeza tusi, nalo lilikuwa la kujitukana mwenyewe.

"Basi nionyeshe kwa nini si yako."

"Leta bangili yako. Na kamba."

Bangili aliivua Abigail; kamba ilikuwa ya buti la Mukhwana, hapakuwa na nyingine. Jescah aliikunja mara mbili mpaka akapata katikati. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la leso yake, akaufunga pale pale katikati, akauacha mkia mrefu kidogo. Vidole vyake vilikuwa na sugu pembeni, sehemu ambayo waya hupita.

"Wengi wanaanza na ncha," akasema. "Ukianza na ncha, waya wote unapita kwa hilo tundu, raundi ya kwanza mpaka ya mwisho. Unavuta mita na mita, vanishi ya waya inakwaruzika, mkono unakufa. Mimi naanzanga katikati. Nusu hii naizungusha hivi, mpaka inarudi nilipoanza. Ile nusu ingine, naiachia urefu kidogo, inasubiri. Halafu naizungusha vile, juu ya mwenzake, nayo inarudi nilipoanza. Ni safari mbili fupi. Waya haukwaruziki na saa moja haiishi."

"Na uzi?"

"Uzi ni wa kunionyesha katikati. Naufunga kabla ya raundi ya kwanza. Sio pambo. Unalala chini ya waya, mkia tu ndio unachungulia hapo kwa ncha, kwa sababu yote inarudi hapo. Watu wanaona mkia, wanadhani nimefunga mwisho." Akaisukuma koili kwa kidole. "Huyu amefunga mwisho. Vuta uone."

Abigail akavaa glavu. Mukhwana akawasha kamera ya simu. Fundo lilikuwa limezunguka ncha mbili kwa juu, limeungua upande mmoja, na lilipovutwa kwa kibano likateleza likatoka lote. Chini yake hapakuwa na kitu.

Abigail akalitia fundo kwenye mfuko mdogo.

"Nani anajua unafunga wapi?"

"Zeituni. Nilimfunza mwenyewe. Wengine hawajawahi kuuliza."

"Na waya unapimaje?"

"Raundi ya chini ni sentimita kumi. Ya juu ni kumi na moja, kwa sababu inapita juu ya mwenzake. Tisini za chini, tisini za juu, na mikia, kiganja huku na kiganja huku. Inakuja mita kumi na tisa na ushee." Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Sijaungapo waya tangu nizaliwe. Hata ungenilipa."

Abigail alipiga hesabu nyuma ya faili lililolowa chai. Raundi tisini za juu, kila moja imezidi sentimita moja: sentimita tisini. Gawa kwa kumi na moja. Nane na kidogo.

Aliyesuka koili hii alipima raundi moja kwenye pete tupu, akazidisha kwa mia na themanini, akasahau kwamba tabaka la juu hula waya zaidi. Ndiyo maana alikwama raundi nane kabla ya kumaliza.

"Mukhwana, funga kiatu chako. Tunaenda karakana."

* * *

Bwana Jairus aliwalaki mlangoni na simu mbili mkononi.

"Madam, si hii mambo iliisha? Wateja wananisumbua."

"Aliyeisha ni mwalimu Titus," Abigail akasema. "Nipishe."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye meza tatu, magurudumu ya waya wa shaba, na rafu ya koili zilizosubiri kwenda. Meza ya Jescah ilikuwa imefunikwa gazeti.

"Wanaojua kusuka koili hapa ni akina nani?"

"Jescah, Zeituni, na Hezekiah," Jairus akajibu. "Mimi ni wa kuuza tu. Hata waya unanikata vidole."

"Mimi siku hizi sisuki," Hezekiah akadakia. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani yenye kamba shingoni, na koti lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi. "Mimi ni wa kuunganisha mashine. Kusuka niliwaachia hawa wamama."

Mukhwana alianza kupekua meza moja baada ya nyingine, akitaja kila alichokiona huku akiandika. Katika droo ya Zeituni alitoa kibunda cha uzi mwekundu.

Jairus akapiga makofi mara moja. "Si mnaona? Nilisema mimi."

"Hukusema lolote," Abigail akamwambia. Akamgeukia binti mmoja wa Mumias aliyekuwa ameshika ncha ya hijabu yake. "Salaam aleikum, Zeituni."

"Aleikum salaam, afande."

"Uzi wa Jescah unafanya nini kwako?"

"Niliuokota kwa meza yake mlipomchukua. Nilitaka akirudi aupate." Akanyoosha kidole kwenye kibunda. "Kuna mahali umekatwa na makasi. Jescah anakatanga na meno."

Hezekiah akacheka puani. "Sasa mmeanza kupima meno."

Maneno ya binti yangeweza kuwa kweli, yangeweza kuwa ya kujiokoa. Abigail alimtoa uani, akafunga mlango, akampa pete na kipande cha waya.

"Anza koili, kama unavyoanza siku zote."

Zeituni hakuuliza kwa nini. Alikunja waya, akapata katikati, akatoa mfukoni uzi wa kijani, wake mwenyewe, akaufunga pale, kisha akashika nusu moja. Hakufikiri hata kidogo. Mikono ilijua.

"Basi, inatosha," Abigail akasema. Mtu aliyefundishwa hivi hawezi kughushi uzi wa Jescah kwa kuufunga mwishoni. Aliyeghushi alijua kusuka, lakini uzi aliujua kwa kuutazama tu. Na wanaosuka ni watatu.

Hasira ikamrudia upya, moto kuliko ya asubuhi. Aliirudisha chini. Alikuwa na kazi nayo baadaye.

* * *

Aliporudi ndani sauti yake ilikuwa laini.

"Hezekiah, wewe ni mkubwa hapa, nisaidie. Zeituni ananiambia koili ya raundi mia na themanini ni kazi ya saa nzima. Ni kweli?"

"Saa nzima." Hezekiah akatikisa kichwa. "Hawa wanasuka kama mtu anasuka mkeka wa harusi. Mimi hiyo ni dakika arobaini."

"Ulisema husuki."

"Nilisema sisuki. Sikusema sijui."

"Na ule uzi, Jescah huufunga wakati gani?"

"Akimaliza. Hapo kwa ncha. Kila mtu anajua."

Mukhwana aliandika. Zeituni aliinamisha macho.

"Hizo dakika arobaini," Abigail akasema, "mimi naona ni mdomo."

Hapo alimpata. Hezekiah alimtazama Jairus, naye Jairus, aliyetaka askari waondoke kwake, akasema, "Muonyeshe basi, tumalize hii maneno." Fundi akavua koti, akalitundika, akachukua pete mpya.

Alizungusha kamba mara moja kwenye pete tupu, akailaza kwenye rula.

"Sentimita kumi. Mara mia na themanini." Akabonyeza simu. "Mita kumi na nane. Na mikia, kiganja, kiganja." Akakata waya.

Zeituni alifungua mdomo, Abigail akamtazama, akaufunga.

Hezekiah aliuzungusha waya wote kwenye kijiti chembamba chenye mapengo huku na huku, akashika ncha, akaanza. Kijiti kiliingia tunduni, kikatoka, kikaingia. Kusema kweli, mkono ulikuwa mwepesi. Mukhwana alihesabu kwa sauti. Walipofika sitini jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye kamba ya miwani.

"Koili ya kliniki ilitoka hapa lini?" Abigail akauliza, kama mtu anayeua wakati.

"Jumanne. Jioni."

"Nani aliisuka?"

"Si Jescah? Uzi si uliona?"

"Jumanne Jescah alikuwa matangani Iguhu," Zeituni akasema. "Alirudi Jumatano."

"Basi aliiacha Jumatatu." Kijiti hakikusimama.

"Bwana Jairus, kliniki waliagiza lini?"

Jairus alikuna kidevu. "Hiyo Jumanne asubuhi. Walisema wanataka mkono wa Jescah, si mwingine. Nikamwambia Hezekiah waambie wangoje siku moja. Akaniambia..." Akamtazama Hezekiah.

"Akakuambia nini?"

"Akaniambia hakuna haja ya kungoja mwanamke. Jioni akaleta, iko na uzi. Nikadhani Jescah alikuwa ameacha moja tayari."

"Mia moja na thelathini na tatu," Mukhwana akasema.

Mkono sasa ulikuwa mzito. Mtu mwenye akili timamu angekiweka kijiti chini. Lakini kukiweka chini kulikuwa ni kukubali, mbele ya Zeituni, kwamba dakika arobaini zilikuwa za mdomo, na hilo Hezekiah hakuliweza. Aliendelea, macho hayatoki kwenye pete.

"Mia na sabini. Sabini na moja. Sabini na mbili."

Kijiti kilikuwa kitupu. Mkononi mwa Hezekiah ulibaki mkia tu, kiganja kimoja, wa kuunganishia mashine.

"Endelea," Abigail akasema.

"Waya umeisha."

"Zimebaki raundi ngapi?"

Hezekiah aliuvuta ule mkia, kana kwamba ungerefuka. Kinu cha posho kilikuwa kikinguruma huko mbele.

"Nimekuuliza zimebaki ngapi. Hesabu wewe, mimi nilifeli hesabu."

"Nane."

Abigail alimwekea ripoti ya mhadhiri mbele ya miwani yake, kidole kwenye mstari. Akainuka, akachukua kwenye rafu koili yenye uzi mwekundu, kazi ya Jescah ya kabla hajakamatwa, akampa Jairus.

"Vuta huo uzi."

Jairus alivuta. Akavuta tena kwa nguvu. Uzi ukamkatikia vidoleni, fundo likabaki ndani ya waya.

"Uzi wa Jescah uko katikati, chini ya tabaka la juu. Haung'oki mpaka ufungue koili yote. Ule wa kliniki ulitoka kwa kibano. Zeituni anajua hivyo. Wewe Jairus kusuka hujui. Amebaki nani?"

"Ilikuwa kiungo tu," Hezekiah akasema chini chini. "Raundi mia na sabini na mbili nimeshamaliza, nifungue zote? Saa kumi na moja imefika, wanangoja. Sikutaka mtu afe, madam."

"Hukutaka mtu afe. Sawa, hiyo nitaandika." Sauti ya Abigail ilikuwa imeanza kupanda na safari hii hakuizuia. "Lakini mtu alikufa, na Jumamosi ukasimama hapo na koti lako la pasi, ukanishika mkono, ukanionyesha uzi ulioufunga wewe. Ulimwangushia mwenzako jumba bovu ukiwa umesimama mlangoni. Ulimwona nikimtia pingu. Ulisema nini? Nikumbushe ulisema nini."

Alikuwa amemwambia Jescah pole. Wote walikumbuka. Mukhwana alitoa pingu.

* * *

Saa sita na nusu Jescah alisimama kwenye kaunta ya kituo akitia sahihi kitabu. Faili lilikuwa limebadilishwa jina. Alirudishiwa simu, leso, na kamba za viatu zimefungwa pamoja kama kicha cha mboga.

"Mama Jescah," Abigail akaanza, "nilikosea. Sikuwa na..."

"Siku mbili nimelala kwa simiti kwa sababu ya picha." Jescah hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Watu wa Iguhu wameshaambiwa nimeua mwalimu. Utawaendea mmoja mmoja na hiyo pole yako?"

Abigail alistahili kutukanwa, na hata hilo hakupewa.

Jescah aliinama avae viatu. Kamba ya kwanza ilipoingia tundu la pili akasimama ghafla, akamgeukia Hezekiah aliyekuwa kwenye benchi, pingu mikononi.

"Fundi. Ulisuka ngapi?"

Hezekiah alitazama miguu yake.

"Zile ziko na uzi wangu. Ulisuka ngapi?"

Abigail akasogea mpaka kwenye benchi. Asubuhi nzima alikuwa akimtafuta mtu. Hilo la ngapi hakuliuliza.

"Jibu," akasema.

"Mbili. Hiyo ya Shirere na ingine. Wiki hiyo hiyo." Sauti ilikuwa ya kuvutwa. "Ingine ilienda Shianda. Kwa nyumba ya watu. Kuna mama mzee analala na mashine ya kupumua."

"Imeungwa?" Jescah akauliza.

"Imeungwa."

"Mukhwana, mpigie Jairus. Namba ya hao watu, sasa hivi. Waambie wasiitegemee inveta, watafute mtungi."

Mukhwana alikuwa bado anatafuta jina kwenye simu wakati feni ya juu ya kaunta ilipopunguza mwendo, ikazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, ikasimama. Taa nayo ilikuwa imezima. Kutoka barabarani walisikia kinyozi wa ng'ambo akilalamika kwamba stima imepotea.

"Hashiki," Mukhwana akasema. "Jairus hashiki simu."

Abigail alinyakua funguo za gari ukutani; inveta ya kliniki ilidumu dakika kumi tu. Alipogeuka kumtafuta Jescah hakumwona kwenye kaunta. Mama alikuwa ameshatoka, yuko uani kando ya mlango wa gari, kiatu kimoja kina kamba na kingine hakina.

"Fungua," akasema. "Ile iko na uzi wangu."